Janti Zilizozikwa Nyuma ya Jiko

Ninyi vijana mnaojifunza kupaka janti rangi kwa kutazama simu, mimi siwacheki. Hata mimi natazama. Zaina, binti yangu, hunishikia simu, nami naona watu wa nchi za mbali wakipuliza rangi ndani ya vyumba vyenye feni, wamevaa vinyago, na sakafu yao ni safi kuliko meza yangu ya kulia. Natazama mpaka mwisho, kisha nauliza swali lilelile: huyu amejuaje kwamba janti ni nzima kabla ya kuipaka? Hapo video huwa imekwisha, na Zaina anataka simu yake.

Mimi ni Mama Zaina wa mtaa wa Kasuku, hapa Kindu. Kazi yangu, mpaka mgongo uliponigomea, ilikuwa kufufua janti kuukuu, yaani ringi za magurudumu ya magari, zile nyepesi za alumini zinazong'aa, siyo zile nyeusi za chuma. Sikuwa na gereji. Nilifanyia kazi barazani na uani, katikati ya kuku na kamba za nguo. Wateja wapya walikuwa wakifika na kuuliza baba yuko wapi. Niliwajibu kwamba baba alishatangulia mbele ya haki, na hata alipokuwa hai hakujua kutofautisha janti na sinia.

Kazi hii sikuitafuta. Ilikuja kuzikwa nyuma ya jiko langu. Wakati wa vita, mtu mwenye gari hapa Kindu alikuwa mtu mwenye matatizo, kwa sababu mwenye bunduki akiliona gari alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Lakini gari lililokaa juu ya mawe, bila magurudumu, halimpeleki mtu popote. Basi watu walifungua magurudumu wakayaficha: ndani ya vikapu vya mpunga, juu ya dari, chini ya kitanda cha mama mzazi. Patron Saidi, jirani yetu mfanyabiashara wa mchele, alikuwa na gari aina ya jipu lenye janti nne za alumini. Kwake kulijulikana na kila mtu, akaomba azizike kwetu pamoja na mipira yake. Tulichimba mimi na yeye. Mama mkwe wangu, Bibi Sikujua, akapanda matembele juu yake, na tukayala matembele hayo zaidi ya miaka miwili. Bibi alisema yana ladha ya mpira, ingawa sahani yake ilirudi tupu kila mara.

Mambo yalipotulia kidogo, Patron Saidi alikuja kufukua mali yake. Chuma ukikizika kinatoka chekundu. Alumini inatoka na unga mweupe, na chini ya unga huo kuna vishimo vidogo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Sikuwahi kujua hilo, na nilikaa chini nikizigeuza moja moja nitazame. Patron alikata tamaa palepale. Alitaka kuwauzia watengeneza sufuria, wale wanaoyeyusha alumini kwenye shimo la makaa na kuimimina mchangani. Ndipo Papa Kabeya, mpangaji wetu, alipotoka chumbani na kusema ngojeni kwanza.

Papa Kabeya alikuwa mtu wa Kasai, fundi wa reli. Alitumwa Kindu kwa kazi ya majuma mawili, na vita vikaikata reli nyuma yake. Mke wake na watoto walikuwa Kongolo. Yeye akabaki katika chumba chetu cha uani kwa miaka, na sanduku moja la vifaa. Alikuwa Mkristo wa kusali kwa sauti, sisi ni Waislamu wa hapa tangu mababu, na tulizoeana hivi kwamba wakati wa mfungo alikula amejificha asitutamanishe. Wanaume wa mtaa hawakutaka kujifunza kusugua vitu vya watu bila mshahara. Mimi nilitaka, kwa sababu nilikuwa na maswali. Alinitafutia janti moja mbovu ya kujifunzia, na hapo ndipo nilipoingia.

Karatasi ya msasa haikuwepo mjini, basi tulirudia msasa wenyewe, yale majani ya porini ambayo bibi zetu walisugulia mipini na miko. Jani la kuanika siku moja linakwaruza vizuri. La siku tatu linavunjika mkononi. Nilijaribu ya miti mbalimbali nione lipi linashinda, na nililipia udadisi huo kwa vidole vyangu. Kupulizia rangi tulitumia pompu ya mkono ya dawa ya mbu. Ukiisukuma haraka inatema matone, ukiisukuma polepole inadondosha. Mwendo wake ni wa mtu anayepepeta mchele, bila pupa. Kabla ya kupaka, mwagia uwanja maji ili vumbi lilale, kisha fungia kuku. Jogoo mmoja aliwahi kutembea juu ya janti mbichi kana kwamba amealikwa. Niliiparua yote upya, na jogoo tukamla Jumapili.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kiburi cha jikoni. Rangi ya zamani ilikataa kubanduka. Mimi tangu usichana nilijua kutengeneza sabuni kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, na nilijua maji hayo yanakula mafuta na hata ngozi ya mtu. Nikachemsha nusu pipa, nikaitumbukiza ile janti ya kujifunzia. Ikaanza kutoa vipovu vyembamba mwili mzima, nami nikafurahi. Nilipoitoa ilikuwa nyeusi kama chungu, na ukingo umelika. Papa Kabeya hakunigombeza. Aliinama akainusa, akauliza nimeweka majivu gani, kiasi gani, kwa muda gani, kisha akataka turudie na kipande kidogo naye aone. Ndivyo alivyokuwa. Kosa lako alitaka kulielewa kabla ya kulikasirikia. Siku hiyo tulijifunza wote wawili kwamba majivu na alumini havipatani, na kwamba maji ya ndimu yanapunguza weusi, lakini kilicholika hakirudi.

Kosa la pili ni dogo na bado mnalifanya. Nilifuta janti kwa kitambaa nilichochukua jikoni. Rangi ilipokauka ilijaa viduara vilivyokimbiana, kila kimoja na kitone katikati. Nilikesha na fumbo hilo kichwani, nikadhani ni unyevu, nikadhani ni mbu. Kumbe kitambaa kilikuwa na mawese ya juzi, kidogo tu, hata harufu huipati. Rangi haikai juu ya mafuta. Osha kwa sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa ambacho hakijawahi kuona sufuria.

Na hili liwekeni kichwani: pale nati zinapokaa, na ule uso wa nyuma unaogusana na gari, msipake. Rangi nene hapo inasagika taratibu barabarani, nati zinalegea, na dereva anashangaa kuona gurudumu lake limemtangulia. Mimi nilikuwa naziba matundu ya nati kwa vigunzi vya mahindi. Kila janti matundu matano, vigunzi vitano, na watoto wa jirani walidhani napika.

Kilichonishika katika kazi hii, kusema kweli, ni yale yaliyo chini. Ukiparua polepole unakuta rangi juu ya rangi. Niliwahi kukuta dhahabu, chini yake nyeusi, chini yake nyekundu ya mtu aliyekuwa na furaha sana, na chini kabisa mistari ya mashine iliyochonga janti hiyo ikiwa mpya. Ukingo mmoja ulikuwa umekunjwa ukanyooshwa, na huyo aliyeunyoosha alijua kazi, maana alipasha moto kwanza. Nani? Wapi? Nilipenda kukaa na maswali hayo asubuhi nzima. Papa Kabeya alisema fundi asiye na maswali anapaka tu, hatengenezi.

Sasa nifike kwenye lile swali langu la simu. Janti ya alumini inaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni. Wengine wanaigonga kwa mti na kusikiliza. Sauti inasaidia, lakini inadanganya pia. Papa Kabeya alinifundisha njia ambayo kule reli waliitumia kwenye vyuma vya mabehewa. Unaisafisha janti mpaka uchi. Unaipaka mafuta ya taa kila mahali, unaacha yazame kwa muda wa kuivisha maharage. Unaifuta ikauke kabisa. Halafu unaipaka unga mweupe mwembamba, unaiweka juani, unakaa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda, na unaona mstari uliolowa unajichora juu ya unga, polepole, mbele ya macho yako. Mara ya kwanza kuuona nilisimama. Reli walitumia unga wa chaki. Sisi shule zilikuwa zimefungwa, chaki haikuwepo, tukatumia unga wa muhogo uliochekechwa kwa kitambaa.

Majuzi tu dereva mmoja kutoka Kampene aliniletea janti nne, ananibembeleza nimpakie rangi mara ya mwisho. Nikamwambia tuanze na unga. Alicheka, akauliza kama ninataka kuzipikia bugali, ugali wetu wa muhogo. Nikamwambia akae chini, nikamsimulia ninayowasimulia ninyi sasa.

Zile janti nne za Patron Saidi zilikaa mpaka siku watu waliposema njia ya kusini imefunguka. Patron alitaka apeleke bidhaa Kasongo, kisha asonge mpaka Kongolo. Siku hizohizo watu wa baiskeli, wale waliovuka msitu na mizigo ya chumvi, walimletea Papa Kabeya barua. Binti yake Beatrisi amechumbiwa. Familia inamngoja baba apokee mahari. Aliisoma barua hiyo barazani, akaikunja, akaifungua tena. Patron akampa nafasi garini, naye kama malipo akaahidi kuifufua injini. Janti akaniachia mimi peke yangu, kwa mara ya kwanza.

Unga ulikuwa shida. Ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya muhogo, hakukuvukika kila siku, na waliokuwa na muhogo waliuficha. Nilikuwa na bakuli moja. Nikapima janti ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Unga uliotumika ulinuka mafuta ya taa, haukufaa kwa lolote. Ulibaki kiasi cha janti moja, au cha uji wa mtu mmoja. Bibi Sikujua alikuwa amekaa kizingitini. Hakuwa amekula tangu jana yake.

"Chuma inakula," alisema, "mie sikule."

Nikampikia uji. Hilo sijalijutia hata siku moja. Ninalolijutia ni lililofuata. Nilijiambia janti ya nne ina dada watatu wazima, imetoka shimo moja nao, itakuwa nzima pia. Nikajaza vishimo kwa masitiki, ule udongo wa kujazia, nikasugua, nikapulizia rangi ya fedha, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, kisha verni ya kung'arisha. Papa Kabeya alikuja na mikono yenye grisi, juma moja kabla ya safari, akachuchumaa mbele ya zile janti.

"Mama Zaina, zote ine umezipima na unga?"

"Zote, Papa."

Sijui kwa nini. Ningeweza kumwambia unga umekwisha, na asingenilaumu kumlisha mama mzee. Labda nilitaka kazi yangu ya kwanza iwe kamili. Akapitisha kiganja juu ya ile ya nne, ndiyo hasa aliyoichagua, akasema atakapofika Kongolo atawaambia wakwe kwamba gari lililomleta limevishwa viatu na mwanamke wa Kindu. Nilienda nyuma ya jiko nikajifanya natafuta kuni.

Juma lile nilikuwa mgonjwa bila ugonjwa. Kila nilipopita karibu na jipu niligeuza uso. Asubuhi ya safari liliegeshwa karibu na soko, limejaa magunia na watu, mama mmoja na mtoto mgongoni amekaa juu kabisa. Papa Kabeya alikuwa na begi lenye koti lake la harusi. Alinipa sanduku la vifaa, akasema kule atapata jingine, hili ni langu sasa. Nilipaswa kulipokea. Mikono ilikataa.

"Papa, ile ya nyuma, ya kushoto, sikuipima. Unga nilipikia bibi. Nilikudanganya."

Watu wote walisikia. Patron Saidi alishuka akasema si kitu, tatu ni nzima, na karatasi ya kupita kizuizini ni ya siku hiyo tu. Abiria wengine walimuunga mkono, wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Mimi nilimtazama Papa Kabeya. Katika watu wote wa gari lile hakuna aliyehitaji kuondoka kuliko yeye. Angesema twende, wangeondoka. Alisimama akilitazama gurudumu kwa muda mrefu. Kisha akaweka begi chini na kuomba jeki.

Mama aliyekuwa juu ya magunia ndiye aliyetoa unga kutoka kwenye mzigo wake. Papa Kabeya aliiparua rangi yangu kwa kisu, yote, mpaka masitiki ikadondoka. Akapaka mafuta ya taa, tukangoja. Akafuta, akapaka unga, akaiegemeza juani. Abiria walikuwa wameshuka wote na kuizunguka. Mstari ulianzia kwenye tundu la nati ukapanda juu, ukakata kona, ukasimama. Ulikuwa mrefu kama kidole changu cha kati.

"Njo yeye, ufa yenyewe," Papa Kabeya alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Mpaka ipatikane janti nyingine ya kulifaa jipu lile, ya chuma, iliyoletwa kutoka Kibombo kichwani mwa mtu, njia ilikuwa imefungwa tena. Habari za ndoa zilikuja na watu wa baiskeli: siku imepangwa, mdogo wake Papa Kabeya atapokea mahari kwa niaba yake. Siku hiyo ilipofika alivaa koti lake na tai. Alikaa barazani tangu asubuhi, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, alichukua janti ya mtu na majani ya msasa akasugua. Nilimpelekea chai, akainywa. Nililia jikoni siku nzima.

Kitu kilichonitesa ni kwamba hakuniuliza. Mtu huyu aliyetaka kujua majivu ni ya ndizi gani, kwa kosa hili hakuuliza hata swali moja. Tuliendelea kufanya kazi pamoja zaidi ya mwaka. Alinifundisha mengi, alicheka na Bibi, alikula kwetu. Nami, mwenye kuuliza kila kitu, niliogopa kumuuliza kama amenikasirikia.

Kisha treni ikarudi. Mji mzima ulikwenda stesheni kuitazama, wengine walikuwa wameozesha watoto tangu walipoiona mara ya mwisho. Nilibeba lile sanduku la vifaa, alilokuwa ameniachia tena chumbani, nimrudishie, maana sikuona kama ni haki yangu. Alikuwa tayari kwenye ngazi ya behewa nilipomfikia, na pale nikauliza.

"Papa, uko na kasirani na mie?"

Alishuka ngazi moja ili asipige kelele.

"Niko nayo, mupaka leo. Siku ile nilikuuliza, kama ulisema hapana, ningetafuta ingine na njia ilikuwa wazi. Ningefika. Mutoto yangu aliolewa mie siko. Na ile asubuhi, kama ulinyamaza, tungekufa wote ku njia. Basi kasirani iko, na asante iko. Zote mbili nazipeleka Kongolo. Weye shika sanduku yako."

Nikalishika. Treni iliondoka polepole sana, na alinipungia mkono mpaka ikapinda.

Yule dereva wa Kampene alinisikiliza mpaka hapo, kisha akaenda mwenyewe sokoni kununua unga. Janti zake zilikuwa nzima zote nne. Ninyi nanyi siku moja mtaulizwa kama mmepima, na mtakuwa hamjapima, na rangi itakuwa imekauka vizuri, na mwenye gari ana haraka. Semeni bado. Ni neno fupi. Mimi lilinichukua juma zima, na harusi ya mtoto wa mtu, kujifunza kulitamka.